Kadi ya grafiki iliyochokonolewa baiosi kwenye kompyuta ya zamani: inapogoma uanzie wapi

Mwezi wa sita, baridi lile la Mbeya la kufunga koti mpaka kidevuni, alikuja kijana mmoja hapa Mwanjelwa na bodaboda toka Uyole, mashine ameipakata ndani ya mfuko wa salfeti kama amebeba kuku. Dell OptiPlex 7010 ile ya mnara, i5-3470, ram 8GB. Anaedit video za harusi na kipaimara. Alikuwa ameagiza kadi ya mtumba Dar, RX 580 ya 8GB, ikaja kwa basi, akaichomeka mwenyewe. Siku ya kwanza ikapiga kazi vizuri mpaka akawaita wenzake waone, siku ya pili zikaanza chenga kwenye skrini, ya tatu mashine ikawa inajizima katikati ya kurenda, yani kutoa video iliyokamilika. Mafundi wawili walishamwambia kadi imekufa atafute nyingine. "Kaka we niambie tu ukweli, nimekopa hela ya watu." Kadi haikuwa imekufa. Ilikuwa na magonjwa mawili yamepandana, na ukitibu la pili kabla ya la kwanza unazidisha tatizo. Hilo ndo limenifanya nikae niandike haya yote maana hizi kadi zimejaa mtaani kuanzia Tunduma mpaka Iringa na watu wanatupa vitu vizima.

Kwanza ujue zinakotoka. RX 470 na RX 480 zilitoka 2016, RX 570 na RX 580 zikatoka 2017, na wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinunua kwa fujo, hasa wa Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaachana kabisa na uchimbaji wa kadi, mitambo mizima ikabaki haina kazi, mzigo ukamwagwa sokoni na mwingine ndo huu tunaouona huku. Sasa mchimbaji haitumii kadi kama wewe. Yeye anataka memori ikimbie na umeme uliwe kidogo, basi. Kwa hiyo anafungua baiosi ya kadi, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi inayoipangia kasi na umeme, anachukua taimingi za memori (vipimo vya muda wa memori kujibu) za mwendo mdogo, mfano za 1500 MHz, anazibandika kwenye mwendo wa 1750 au 2000 MHz, yani memori inabanwa ijibu haraka kuliko kiwanda kilivyopanga, halafu kasi ya chipu kubwa (GPU yenyewe) anaishusha toka 1340 MHz mpaka 1100 na kitu, anapunguza volti, anapunguza na ukomo wa wati, anaflashi, yani anaiandika hiyo baiosi mpya juu ya ile ya kiwandani. Kwake inatembea hata miaka miwili. Memori ikikosea hesabu moja kwenye uchimbaji jibu linatupwa tu maisha yanaendelea, ila kosa hilohilo kwenye gemu ya GTA au kwenye DaVinci ya kuedit video ndo chenga unayoiona, au mashine inaganda kabisa.

Halafu kuna aina ya pili ambayo hiyo ni wizi kabisa, kadi ya kizamani imeflashiwa jina la kadi mpya. Hiyo nitaifikia.

Kabla hujagusa chochote

Hifadhi baiosi iliyomo kwenye kadi sasa hivi, hata kama unajua ni mbovu. Fungua GPU-Z, kiprogramu cha kusoma taarifa za kadi, pembeni ya mstari wa Bios Version kuna kimshale, bonyeza, chagua kuhifadhi faili. Litakuwa la 256 KB au 512 KB, ukipata faili la saizi ya ajabu rudia. Liite jina la kadi na tarehe, weka kwenye flashi, jitumie na kwenye simu. Nasisitiza kwa sababu nilishawahi kuruka hii hatua kwenye kadi ya mteja wa Tukuyu, nikaflashi faili la memori ya Samsung wakati yake ni Elpida, skrini ikafa na sikuwa na pa kurudi. Ilichukua wiki mbili kupata faili sahihi na mwenye kadi alikuwa anaisubiri kwa ajili ya kazi yake. Toka siku hiyo sijawahi kuflashi bila kuhifadhi.

Pili, iangalie kadi ubavuni upande wa juu. Sapphire Nitro+ na PowerColor Red Devil zina kiswichi kidogo cha kuchagua baiosi, ziko mbili ndani. Wachimbaji wengi walichokonoa upande mmoja tu. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, sogeza kiswichi, washa. Kuna watu wamehangaika mwezi mzima na dawa ilikuwa hapo.

"Naiwasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi"

Hapa usiwaze baiosi kwanza. Anza na vitu vya kijinga kabisa maana ndo vingi. Waya wa monita umechomeka kwenye kadi au umeurudisha kwenye tundu la mazabodi kwa mazoea? Mashine nyingi za ofisini ukishaweka kadi zinazima grafiki ya ndani, kwa hiyo lile tundu la zamani linakuwa limekufa.

Monita zetu nyingi huku ni zile za mtumba za VGA, tundu la bluu. RX 470 mpaka 580 hazitoi VGA kabisa. Tundu lake la DVI ukilitazama halina zile pini nne zinazozunguka kile kijipini bapa, na kale kaadapta ka DVI kwenda VGA kasikokuwa na chipu ndani hakafanyi kitu hapo, hata ukalazimisha. Unahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake, hizo zipo madukani na si ghali, au monita yenye HDMI.

Waya wa umeme wa kadi, ule wa pini 6 au 8, umeingia mpaka ukalia "tik"? Kadi imekaa kwenye slotu mpaka kile kidude cha nyuma kikafunga? Mzigo uliotoka Dar kwa basi zaidi ya kilomita 800 unatikiswa, na ile sehemu ya dhahabu inakuwa na uchafu wa mafuta ya vidole vya watu kumi. Chukua raba ya penseli, futa taratibu pande zote mbili, malizia na kitambaa chenye spiriti, acha ikauke. Na kama umeipokea asubuhi ya Njombe ikiwa ya baridi kama maji ya kisimani, usiichomeke hapohapo ndani ya chumba chenye moto, iache lisaa ipate joto la chumba isije ikatoa jasho ikiwa na umeme.

Ukiwa na HP Compaq Elite 8200 au 8300, sikiliza. Taa nyekundu ikikonyeza mara sita na mlio mara sita, ikatulia, ikarudia, mashine inakwambia imeshindwa kuongea na kadi ya grafiki. Ingia kwenye baiosi ya mazabodi ukitumia grafiki ya ndani, zima Secure Boot kama ipo, ruhusu Legacy. Kwenye Dell kuna mahali pameandikwa Legacy Option ROMs, weka tiki. Sababu ni kwamba baiosi ya kadi ikishahaririwa sahihi yake ya kidijitali inavunjika, na mazabodi yenye masharti ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine) inaweza kuikataa kimyakimya. Mashine za nyuma zaidi kama OptiPlex 780 hizo hazijui UEFI kabisa, zinataka baiosi ya kadi yenye ile sehemu ya kizamani, na kuna mafaili ya kuchakachua ambayo hiyo sehemu imeharibika.

Ukishapita yote hayo na bado giza, jaribu kadi kwenye mashine nyingine ndo uanze kuisema baiosi ya kadi.

"Inajizima nikianza kurenda"

Hapa ndo palipokuwa na ugonjwa wa kwanza wa yule kijana na hapa ndo nataka ukae kidogo.

Nilipofungua ubavu wa mashine yake nikakuta kadi inalishwa na adapta, waya mbili za umeme wa hadi diski zimeunganishwa zikawa tundu moja la pini 8. Nikavuta ile plagi ikatoka kwa shida, plastiki imegeuka kahawia kama chai ya rangi, pini moja imezungukwa na weusi na ukinusa unapata harufu ya nyaya zilizoungua. Ile siku ya tatu mashine kujizima ilikuwa bahati yake, siku ya nne ingekuwa moto.

Piga hesabu na mimi. Pawa saplai ya 7010 ya mnara ni wati 275. i5-3470 peke yake imeandikiwa wati 77. RX 580 imeandikiwa 185. Hapo ushafika 262 na hujaweka mazabodi, diski, ram, feni. Slotu ya mazabodi inatoa wati 75 kwa kadi, tundu la pini 6 ni 75, la pini 8 ni 150, sasa plagi ya umeme wa diski, ile ya SATA, imeundwa ibebe wati 54 kwenye laini ya volti 12. Ukiunganisha mbili ni 108, unaitaka ibebe 150. Hizo adapta zinauzwa kila kona na mimi nazikataa moja kwa moja, hata mteja akichukia.

Sasa kwa nini siku ya kwanza ilitembea? Kwa sababu ilikuwa bado na baiosi ya uchimbaji, iliyobanwa wati. Kadi ilikuwa inakula kama nusu tu ya uwezo wake. Ukiirudishia baiosi ya kiwandani leo kwa nia njema ya kutoa chenga, kadi inaanza kudai umeme wake wote na pawa saplai dhaifu inazimika kila ukigusa gemu, unasema mi nimeua kadi. Kwa hiyo umeme kwanza, baiosi baadaye. Ukigeuza huu mpangilio utazunguka mduara mpaka uchoke.

7010 ya mnara ina uzuri mmoja, inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida inaingia. 7020 na 9020 zina plagi ya Dell yenyewe ya pini 8 kwenye mazabodi, utahitaji kiunganishi cha kubadilisha, na HP EliteDesk 800 G1 nayo ina ya kwake ya pini 6. Ukienda kununua usisome namba kubwa ya ubavuni. Geuza, tafuta mstari wa +12V, soma ampia, zidisha mara 12. Nimeshika saplai imeandikwa 500W kwa herufi nyekundu, mstari wa 12V una ampia 18, hiyo ni wati 216, uongo mtupu. Kwa RX 580 na i5 ya kizazi hicho mimi natafuta isiyopungua ampia 30 kwenye 12V na yenye waya wake halali wa pini 8.

Na kama mashine yako ni ile nyembamba ya kulala, achana na RX 580 kabisa. Tafuta kadi ya kimo kifupi (low profile) isiyotaka waya wa umeme, GTX 1050 Ti halisi au RX 550, zinakula ndani ya zile wati 75 za slotu.

Umeme wenyewe wa ukutani pia, jioni ukishuka au ukipanda ghafla mashine inajizima hivyohivyo na watu wanalaumu kadi. Angalia kama inajizima mchana pia, au ni saa moja mpaka saa tatu usiku tu.

"Chenga, vimraba vya rangi, mistari"

Swali la kwanza, chenga zinaanza lini? Ukiziona kuanzia nembo ya Dell au HP inapotokea, kabla Windows haijaamka, hapo nina wasiwasi mkubwa na chipu zenyewe za memori au risasi ya kuchomelea iliyoshika chipu kubwa, maana wakati huo memori inatembea mwendo mdogo sana na taimingi mbovu za mwendo mkubwa bado hazijaanza kazi. Ila kama nembo safi, Windows safi, chenga zinakuja ukifungua gemu au timeline yenye klipu za 4K, mtuhumiwa wa kwanza ni baiosi ya uchimbaji.

Hakikisha hivi. Weka MSI Afterburner, kiprogramu cha kurekebisha kasi ya kadi, shusha kasi ya memori kwa 200 au 300 MHz, rudia kazi ileile. Chenga zikiisha, umempata. Halafu weka HWiNFO64, kwenye hizi kadi za Polaris (ndo jina la familia ya RX 470 mpaka 580) ina mstari unaoitwa GPU Memory Errors, unahesabu makosa ya memori moja kwa moja. Kwa yule kijana ule mstari ulikuwa unapanda kwa mamia kila dakika huku skrini inaonekana nzima kabisa kwa macho. Hicho kipimo ni dhahabu, kitumie kabla na baada.

Kitu kingine kwenye chenga ni zile pedi laini kati ya memori na kipoza joto. Miaka miwili mitatu ya kuwaka usiku na mchana zinakauka zinatoa mafuta, memori inapata joto hata kama namba ya joto la kadi inasoma vizuri.

"Kosa namba 43, draiva haikubali"

Kadi inaonekana kwenye Device Manager ina alama ya njano, ukibonyeza inasema kifaa kimesimamishwa, namba 43. Draiva za AMD zinakagua sahihi ya baiosi, ikikuta imehaririwa inakataa kuendesha. Kuna kiprogramu cha kutoboa huo ukaguzi, atikmdag-patcher, wachimbaji wote walikitumia na kinafanya kazi, ila kila ukisasisha draiva unaanza upya na bado unabaki na taimingi mbovu ndani. Mimi nakitumia kujua tu kama kadi ni nzima, kisha narudisha baiosi ya kiwandani. Ukisharudisha, futa draiva zote za zamani kwa kiprogramu cha DDU ukiwa safe mode, weka mpya.

Ila kama ni kadi ya NVIDIA na draiva iliyotolewa kwa ajili ya jina hilo la kadi inasema haioni kifaa chochote inachokijua, simama. Hiyo ni habari nyingine.

"Inasoma GTX 1050 Ti lakini inatambaa"

Hili ndo changa la macho lenyewe. Wanachukua GTS 450 au GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011, wanaiflashi baiosi yenye jina la GTX 1050 Ti 4GB, wanaibadilisha stika, wanaweka kava jipya na boksi linalong'aa. Windows inasoma jina tu, inakuandikia 1050 Ti na wewe unafurahi.

Mwili hausemi uongo. 1050 Ti halisi ina koa (viini vya kupigia hesabu) 768, hizo za zamani zina 192. Familia yote ya GTX 10 haikutengenezewa VGA, ukikuta tundu la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti usitoe hela. GPU-Z kuanzia toleo la 2.12 la mwaka 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina ikizikuta. Na draiva, NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya kwa kizazi hicho cha zamani mwaka 2018, ndo maana draiva za baada ya hapo zinazoikubali 1050 Ti halisi zinaikataa hii inayojiita mpya. Dalili ya mtumiaji ni kwamba gemu ndogo inacheza, ukifungua kitu kinachotaka memori zaidi ya ile 1GB iliyopo kweli, mashine inaanguka.

Hii haitibiki. Unaweza kuirudishia baiosi yake ya kweli ikawa GTS 450 ya kuonyeshea picha, basi. Rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na picha ya GPU-Z mkononi.

Kwa AMD kuna uongo mdogo zaidi. RX 470 inaflashiwa kuwa 570, 480 kuwa 580, na inakubali kwa sababu ni chipu ileile kimsingi, zote namba yao ya kifaa ni 67DF. Hiyo si wizi mkubwa ila inasukumwa kasi na umeme ambao ubao wake haukupangiwa, kwa hiyo ikiyumba irudishe kwenye jina lake. Halafu kuna RX 580 2048SP, hiyo ilitoka kiwandani hivyo kwa soko la China, ina koa 2048 kama RX 570, wakati RX 580 kamili ina 2304. Ukilipa hela ya 580 hesabu koa.

Kurudisha baiosi ya kiwandani

Unahitaji kujua vitu vitatu, kampuni iliyotengeneza kadi na namba ya SKU (namba ya modeli kamili) kwenye stika ya nyuma, ukubwa wa memori, na memori ni ya nani. Hicho cha tatu ndo kinaua watu. Kadi mbili za jina moja, boksi moja, zinaweza kuwa na chipu za Samsung, Hynix, Micron au Elpida, na kila moja ina taimingi zake. GPU-Z inakuambia ila mimi napenda kuona kwa macho, na ile kadi ilikuwa lazima ifunguliwe pasta ya kupitisha joto ibadilishwe.

Tulifungua skrubu nne za kati, tukazungusha kipoza taratibu kulia kushoto mpaka kikaachia, pasta ya zamani imekauka inavunjika kama udongo wa Usangu kiangazi. Chipu nane za memori zimeizunguka ile kubwa kama watoto wanaota moto. Herufi zake ni ndogo kuliko punje ya ulezi, nikafuta kwa spiriti, kijana akawasha tochi ya simu akaiinamisha mwanga uje kwa ubavu, ndo zikasomeka, zinaanza na H5G. Hiyo ni Hynix. Zikianza na K4G ni Samsung, EDW ni Elpida, na Micron huwa zinaandikwa kodi fupi inayoanza na D9. Yule aliyeflashi kadi kabla yetu alikuwa ameweka taimingi kali mno kwa Hynix zile.

Faili la kiwandani tulilipata kwenye hazina ya baiosi ya TechPowerUp, unachagua kampuni, modeli, na chini kuna orodha ya memori zinazokubaliwa, hakikisha yako imo. Kisha tunza umeme. Usiflashi bila UPS, na usiflashi siku ya mvua ya radi, zoezi lote ni chini ya dakika moja lakini umeme ukikatika katikati ndo umeunda tatizo ambalo hukuwa nalo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika amdvbflash -i uone kadi yako ni namba ngapi, kwa kawaida ni 0. Hifadhi tena kwa amdvbflash -s 0 zamani.rom, kisha amdvbflash -p 0 kiwandani.rom. Ikikataa kufuta, andika amdvbflash -unlockrom 0 urudie. Ikikwambia SSID (namba ya utambulisho wa kadi, si ya WiFi) haifanani na una uhakika wa faili, kuna -f ya kulazimisha, ila kabla hujalazimisha soma stika tena kwa sauti. Ikimaliza zima kabisa, chomoa waya, subiri dakika moja, washa.

Ikiwa giza baada ya hapo usiogope. Kama kuna kiswichi, amkia upande mzima, Windows ikishawaka sogeza kiswichi upande uliokufa kadi ikiwa hai, flashi tena. Kama hakuna, rudisha waya wa monita kwenye mazabodi, ingia na grafiki ya ndani ya Intel, flashi lile faili ulilohifadhi. Mashine ikigoma kuwaka kabisa kadi ikiwemo, kuna kifaa kidogo cha CH341A chenye kibanio cha kushika ile chipu ya miguu minane ya baiosi moja kwa moja, lakini soma kwanza chipu ni ya volti 3.3 au 1.8, ukikosea unaichoma.

Joto na kasi, kwa kifupi

Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa hiyo feni inabeba joto pungufu kidogo kuliko ingekuwa pwani, ila baridi letu linafidia. Kinachotuua ni vumbi la kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi. Puliza kila mwezi, shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Feni ikilia kama pikipiki ya mizigo ujue bushi imekwisha, badilisha feni usiongeze mafuta ya cherehani.

Na kama kila kitu ni kizima lakini bado nzito, angalia ram na diski. Kadi yoyote ile juu ya ram 4GB na hadi diski ya mwaka 2012 itakusikitisha. Weka SSD kwanza.

Ya yule kijana tulimaliza siku ya pili jioni. Saplai mpya yenye waya wake, pasta na pedi mpya, baiosi ya Hynix ya kiwandani, halafu nikapunguza ukomo wa umeme kwa asilimia 15 kwenye Afterburner, kasi iliyopotea haionekani kwa macho na kadi inapumua. Tukaweka harusi yake ileile iliyokuwa inakata, dakika arobaini za kurenda, mimi naangalia mstari mmoja tu wa HWiNFO. Ulianza 0, ikafika nusu ni 0, ikaisha ni 0. Ile adapta iliyoungua niliikata kwa koleo mbele yake asije akampa mtu mwingine. Mafaili mawili ya baiosi, la zamani na la kiwandani, nikamwekea kwenye flashi, na karatasi ya kodi za memori nikaibandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa mashine ili fundi mwingine akiifungua asianze upya.